Mwanamke Anayeteswa Nyumbani Aende Wapi?



Miongoni mwa maswali wanayouliza watu wanaotaka kuujua Uislamu, na hata ndugu zetu waliokwisha kuingia, liko moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi huulizwa na wanawake: Je, ni kweli kwamba dini hii yamruhusu mume ampige mkewe? Likiisha kujibiwa hilo hufuata la pili ambalo ndilo zito zaidi, ingawa wengi hawalitamki: Basi mimi ninayepigwa, niende wapi?

Swali la kwanza limeandikiwa vitabu na vijitabu vingi. La pili halikuandikiwa sana. Sisi wahubiri twapenda kuzijibu hoja za wapinzani, na mpinzani akinyamaza twaona kazi imekwisha. Lakini mwanamke aliyeketi ukingoni mwa kitanda saa nane ya usiku, jicho limevimba na mtoto amelala mgongoni mwake, hana haja ya kuambiwa kwamba tumeshinda katika mjadala. Yeye ataka kujua ni mlango gani utakaofunguliwa akiubisha. Makala hii nawaandikia watu wa namna hiyo, pamoja na wale wanaoishi jirani nao.

Wala jambo hili si la watu wachache. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwa mojawapo. Katika wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, 41 katika kila 100 mjini Dar es Salaam, na 56 katika kila 100 mkoani Mbeya, walieleza kwamba wamewahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu na mtu huyo. Kisha uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ukawauliza wanawake kama mume anayo haki ya kumpiga mkewe kwa sababu kama vile kuunguza chakula, kutoka bila ya kuaga au kubishana naye. Wanawake 58 katika kila 100 walikubali walau sababu moja. Hesabu hii ya pili ndiyo inihuzunishayo zaidi. Maana yake ni kwamba wengi wanaopigwa wamekwisha kufundishwa kuwa mahakimu dhidi ya nafsi zao wenyewe, na mwenye kujihukumu hatafuti msaada. Na waliohojiwa walikuwa watu wa dini mbalimbali, hata hapana dini iwezayo kuwanyoshea wengine kidole.

Sasa tuangalie mwanzo wa mambo ulivyokuwa pale Madina. Imam Malik amepokea katika Muwatta habari za mwanamke wa Kiansari aitwaye Habiba binti Sahl, mke wa Thabit bin Qais. Siku moja Mtume Mtukufu s.a.w. alitoka nyumbani kwake kwenda kusali alfajiri, giza lingali bado halijaondoka, akamkuta mtu amesimama mlangoni. Akauliza ni nani. Mwanamke akajitaja jina lake. Akamwuliza ana haja gani, naye akajibu kwa maneno machache sana, yaani kwamba yeye na Thabit basi tena. Katika mapokezi ya Abu Daud imeelezwa sababu yake: Thabit alikuwa amempiga hata akamvunja mahali fulani mwilini.

Katika chuo cha dini nilichosomea ng'ambo, hadithi hii tulisomeshwa katika mlango wa khului. Tukahesabu masharti ya khului, tukayahifadhi kwa ajili ya mtihani, tukapita. Hapana aliyesimama kidogo kuitazama ile saa na lile giza. Mwanamke gani mwenye amani nyumbani kwake husimama mlangoni mwa mtu kabla ya mapambazuko? Nimekuja kuyafikiri hayo baadaye, nilipokuwa nimekwisha kuwafungulia mlango wanawake wa namna hiyo mimi mwenyewe.

Yafaa pia ifahamike Thabit alikuwa nani. Hakuwa mlevi wala mtu asiyejulikana. Alikuwa msemaji wa Ansari, aliyesimama kuwajibu wajumbe wa makabila kwa niaba ya Mtume s.a.w., na hatimaye alikufa shahidi katika vita vya Yamama. Lau angekuwa katika misikiti yetu ya leo, bibi yule angeambiwa: Mama, huyu ni mtu mkubwa katika kazi ya dini, usimfedheheshe, rudi ukasubiri. Lakini Mtume s.a.w. hakumwambia hivyo. Hakumwuliza alimfanya nini mumewe hata akakasirika. Hakumrudisha nyumbani usiku ule wala hakumtaka alete mashahidi wanne. Alimwita Thabit, akamwambia achukue mali aliyokuwa amempa mkewe kuwa mahari, naye amwache. Habiba akaenda kukaa kwa jamaa zake.

Huenda msomaji akauliza: Mbona mwenye kupigwa ndiye aliyerudisha mali? Swali hili ni la haki, na wanazuoni wa kale waliliona. Imam Malik, katika kitabu kile kile na katika mlango ule ule, ameeleza kwamba ikijulikana kuwa mume alikuwa akimdhuru mkewe na kumdhulumu, basi kutengana kwao hupita, naye mume hurudisha alichopokea. Haifai mtu ampige mkewe mpaka ajikomboe, kisha ayale makombozi.

Na Habiba hakuwa peke yake. Abu Daud na Ibn Maja wamepokea kwamba Mtume s.a.w. alikataza kuwapiga waja wa kike wa Mwenyezi Mungu. Seyidna Umar r.a. akaja kulalamika kwamba wanawake sasa wamewashinda waume zao, na pale ikatolewa ruhusa. Haikupita muda, wanawake wengi wakazizunguka nyumba za Mtume s.a.w. wakiwashtakia waume zao. Katika mapokezi mamoja wametajwa kuwa 70. Ndipo akawatangazia watu habari ya wanawake hao, akasema kwamba wanaume wenye kufanya hayo si wale walio bora. Nimeisimulia habari hii yote, pamoja na ile ruhusa iliyo katikati yake, kwa kuwa wako wanaoisoma nusu ya mwanzo na wako wanaoisoma nusu ya mwisho, kila mtu kwa haja yake. Ukiisoma yote utaona jinsi jambo lilivyokwenda: malalamiko ya wanaume yalisikilizwa, matunda yake yakaonekana katika miili ya wanawake, na neno la mwisho likawa ni la kuwalaumu wapigaji.

Tukiisha kuyajua hayo twaweza kuijadili ile aya ya 35 ya Sura An-Nisa (nahesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza, kama ilivyo desturi yetu, katika misahafu mingine ni aya ya 34). Aya hiyo yataja mke mwenye uasi wa wazi, nayo yaweka ngazi: kwanza maonyo, kisha kutengana malaloni, kisha lile neno ambalo wengi hulisoma pasipo yaliyotangulia. Hadhrat Ibn Abbas r.a., mfasiri mkuu katika masahaba, alipoulizwa juu ya hicho kipigo kisichoumiza, alitaja mswaki. Ata bin Abi Rabah, aliyekuwa mufti wa Makka katika zama za tabiina, alisema kwamba mume asimpige mkewe hata akimwamuru asitii, bali amkasirikie tu. Naye Hadhrat Aisha r.a. ameshuhudia, katika Sahih Muslim, kwamba Mtume s.a.w. hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake. Basi mtu anayevunja taya la mkewe kisha akaisoma aya hiyo ana habari gani na mswaki? Yeye ametenda jinai, na kuisoma aya hakumwondolei jinai yake.

Lakini nimesema kwamba swali zito ni la pili. Kinachomzuia mwanamke asitafute msaada mara nyingi si ile aya. Ni maneno mawili mazuri yaliyogeuzwa kuwa kufuli: subira na siri ya nyumba.

Ama subira, katika Kurani Tukufu ni kushikamana na haki wakati wa shida. Nabii Ayyub a.s., ambaye ni mfano wa subira kwa kila Mwislamu, alimlilia Mola wake aondolewe madhara, na kilio hicho hakikumtoa katika wenye kusubiri. Bibi Khaula binti Thalaba r.a. alikwenda kumshtaki mumewe kwa Mtume s.a.w., akajadiliana naye wala hakuondoka kwa jibu la kwanza. Mwenyezi Mungu akateremsha habari yake katika sura iitwayo Al-Mujadila, yaani mwanamke mwenye kujadili, na aya zake za mwanzo zaeleza kwamba Mungu alikuwa akiyasikia malalamiko yake. Lau kushtaki kungekuwa ni kukosa subira, mwanamke huyo angekaripiwa.

Ama siri ya nyumba, ni kweli kwamba mambo ya mume na mke ni amana. Lakini amana hiyo ni ya mapenzi yao. Kipigo hakimo. Katika aya ya 149 ya Sura An-Nisa tumeelezwa kwamba Mwenyezi Mungu hapendi uovu utangazwe, ila amemtoa katika makatazo hayo mtu aliyedhulumiwa. Na Bibi Fatima binti Qais r.a. alipomtaka shauri Mtume s.a.w. juu ya wanaume waliomposa, alimwambia waziwazi kwamba Abu Jahm haweki fimbo yake chini, na katika mapokezi mengine kwamba ni mwenye kuwapiga wanawake, akamwelekeza kwa mwingine. Tabia ya mtu katika nyumba yake ilitajwa kwa jina lake, ili mwanamke asalimike. Sasa wazee wa posa, wangapi kati yetu wameulizwa habari za kijana, wakajua yaliyompata mke wake wa kwanza, nao wakajibu kwamba ni kijana mwema mwenye kusali?

Nataka sasa niseme na dada zetu wapya katika dini, maana hali yao ina ugumu wa namna yake. Mwanamke aliyezaliwa katika ukoo wa Kiislamu akipigwa ana kwao. Baba atagomba, mama atalia, lakini chumba kipo. Yule aliyeingia dini peke yake, pengine kwa kuolewa, ameacha nyuma watu waliomwonya. Baba hakuja harusini. Ndugu walimwambia usirudi kutulilia. Na mume mbaya ayajua hayo yote, huyatumia: Utakwenda wapi? Kwenu wamekukataa, na msikitini wanijua mimi. Dada huyo hukaa na kipigo mwaka baada ya mwaka kwa sababu akitoka ataonekana kwamba wale waliomcheka walisema kweli, na kwamba kuuacha mkono wa mume ni kuuacha Uislamu.

Dada yangu, hayo ni mambo mawili mbalimbali. Ahadi uliyompa Mwenyezi Mungu haikupitia mkononi mwa mumeo. Waweza kuondoka katika nyumba yake usiku wa leo, na kesho asubuhi ukasali alfajiri u Mwislamu vile vile. Tena nduguzo waliokasirika ni nduguzo. Kurani Tukufu imeamuru kuwatendea mema wazazi wasio wa dini yetu, basi hapana aibu kubisha hodi kwa mama yako Mkristo ukiwa na ushungi wako na watoto wako. Wengi watashangaa kuona jinsi hasira ya miaka mingi inavyoyeyuka mama aonapo uso wa mwanawe umevimba.

Sasa tuje katika njia zenyewe, kwani dua bila ya njia ni kama kumwacha ngamia bila ya kamba.

Kwanza ni uhai. Mume akikushika koo, hata mara moja tu, hata kama hukubaki na alama, hiyo ni dalili kubwa kuliko makofi. Waliochunguza vifo vya wanawake mikononi mwa waume wameona kwamba kukabwa hutangulia mara nyingi. Akitaja kuua, au akiwa na silaha, usingoje kikao cha wazee. Na ujue kwamba wakati wa kuondoka ndio wakati wa hatari zaidi, kwa hiyo usimtangazie kwa hasira kwamba kesho unakwenda. Kama una nafasi ya kujiandaa, weka kwa jirani au rafiki unayemwamini mfuko mdogo: cheti cha ndoa, kitambulisho, vyeti vya watoto vya kuzaliwa na kadi zao za kliniki, dawa, nauli, na namba za simu zilizoandikwa katika karatasi, maana simu ndicho kitu cha kwanza kupokonywa. Kama huna nafasi ya kujiandaa, toka bila ya mfuko. Karatasi hupatikana tena.

Pili, polisi na hospitali. Katika Tanzania Bara na Visiwani, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambako askari waliofundishwa kazi hiyo husikiliza mashtaka ya namna hii pasipo kumsimamisha mama kaunta mbele ya watu. Hapo hutolewa fomu ya polisi namba 3, ijulikanayo kwa watu wote kama PF3, ambayo daktari huijaza majeraha aliyoyaona. Haiuzwi, atakayekutaka fedha anakuibia. Aliyeumia vibaya apelekwe kutibiwa kwanza, na mtu mwingine aifuate fomu. Aliyeingiliwa kwa nguvu asichelewe, kwani dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, tena mapema ndivyo bora. Katika hospitali kadhaa viko vituo vya Mkono kwa Mkono, ambamo daktari, polisi na mshauri wapo mahali pamoja, ili mama asiizunguke mitaa akisimulia habari zake mara nne. Kile cha Mnazi Mmoja, Unguja, kilianza mwaka 2011, na Dar es Salaam kiko katika hospitali ya Amana. Walio Kenya wanayo namba 1195, ambayo hupigwa bila ya malipo kwa ajili ya dhuluma hizi, na tangu mwaka 2015 wanayo sheria ya kujikinga na ukatili wa nyumbani. Kwa sheria hiyo mahakama yaweza kumwamuru mtesaji asimkaribie mkewe, na hata kumtoa katika nyumba. Namna hii nimeipenda, maana kwa kawaida mwenye kosa hubaki na kitanda na aliyepigwa hulala barazani kwa watu.

Tatu, sheria. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania kimetamka kwamba hapana mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila imemruhusu. Kifungu cha 107 chauhesabu ukatili, wa mwili na hata wa moyo, kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Kwa hiyo mwenye kukuambia kwamba serikali haiingilii mambo ya chumbani hajaisoma sheria ambayo imekwisha kupita umri wa miaka 50. Asiye na fedha za wakili asikate tamaa. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, yaani TAWLA, na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, yaani WLAC, vimefanya kazi hii kwa miongo kadhaa. Zanzibar kiko chama cha ZAFELA, na Kenya kiko FIDA tangu mwaka 1985. Kule vijijini, ambako mawakili hawafiki, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Mwulize Afisa Ustawi wa Jamii au Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako akuonyeshe aliye karibu.

Wanawake wengi huogopa mambo mawili: kunyang'anywa watoto na kutoka mikono mitupu. Kuhusu watoto, sheria ile ile yaitaka mahakama kutazama kwanza faida ya mtoto, na kwa aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kwamba ni vema awe na mama yake mpaka ithibitishwe vingine. Kuhusu mali, Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika kesi ijulikanayo kama ya Bi Hawa Mohamed, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kufua na kulea, ambako mume alikuita kukaa bure, kumehesabiwa.

Iko ngazi moja ambayo yatuhusu sisi wa misikiti. Kabla ya kuomba talaka mahakamani, kwa kawaida shauri hupitia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na kwa Waislamu wengi baraza hilo ni la masheikh. Sheria imeacha nafasi kwamba penye hali isiyo ya kawaida mahakama yaweza kulisikiliza shauri pasipo kupitia huko. Mama anayetishwa kuuawa amwambie hakimu hivyo. Lakini wengi hupitia kwetu, na hapa nitasema wazi. Katika mabaraza mengi usuluhishi umekuwa jina la adabu la kumrudisha mwanamke. Huketishwa mbele ya mtu anayemwogopa, huulizwa mbele yake kama ni kweli anampiga, naye hukana. Ndipo sheikh hufurahi, dua ikasomwa, watu wakanywa chai.

Aya ya 36 ya Sura An-Nisa haikufundisha hivyo. Imeamuru waamuzi wawili, mmoja katika watu wa mume na mmoja katika watu wa mke. Kwa hiyo mwanamke asiingie katika kikao peke yake, na yule wa upande wake amsikilize kwanza faraghani. Kwa yule dada mgeni katika dini ambaye jamaa zake si Waislamu, maoni yangu ni kwamba kaka yake apewe kiti hata kama ni Mkristo, kwa kuwa aya imetaja watu wake, na hapana amjuaye dada yake kuliko yeye. Akikosekana, bibi mwenye busara kutoka Lajna aende pamoja naye, asikilizwe kama mwamuzi na si kama mwandazi wa chai.

Na waamuzi wasuluhishe, wasilazimishe. Bukhari amepokea habari za Bibi Barira r.a. aliyekuwa mtumwa, akaachwa huru, akapewa hiari ya kukaa na mumewe Mughith au kumwacha. Mughith alimpenda mno, akawa akimfuata njiani huku machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume s.a.w. akamhurumia, akamwambia Barira amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kwamba ni uombezi tu. Akasema kwamba basi hana haja naye, na jambo likaishia hapo. Wala Mughith hakusimuliwa kuwa alimpiga. Ikiwa Mtume wa Mungu mwenyewe aliombea kisha akanyamaza, mwenyekiti wa baraza anapata wapi nguvu ya kumwambia mama mwenye mkono uliofungwa plasta kwamba hatatoka humu mpaka akubali?

Kwa wanaume wa Jumuiya yetu nitakumbusha jambo moja tu. Masihi Aliyeahidiwa a.s. aliandika katika kitabu chake Kishti-e-Nuh, mwaka 1902, kwamba mtu asiyeishi na mkewe na jamaa za mkewe kwa upole na wema si wa Jumuiya yake. Hakusema kwamba ni mwanachama dhaifu. Kwa hiyo rais wa tawi akiletewa habari za mtu wa namna hiyo asiseme kwamba ni mambo ya ndani, madhali huyo hulipa michango yake vizuri.

Yabaki suala la fedha, ambalo katika mawaidha yetu husahauliwa. Nyumba salama za kuwapokea wanawake hawa si nyingi, na nyingi za zilizopo ziko mijini. Mama wa kijijini ahitaji nauli ya basi, chakula cha siku chache, pengine nguo, maana wengi hutoka na khanga waliyojifunga. Aya ya 60 ya Sura At-Tauba yataja mafakiri, maskini na msafiri miongoni mwa wenye kustahiki zaka. Mama aliyekimbia usiku na watoto watatu ni yupi kati ya hao? Mimi namwona katika yote matatu, hata ikiwa mumewe ana duka. Akina mama wa kila tawi wapatane sasa, kabla hajaja mtu, ni nyumba ya nani itakayofunguliwa saa hizo, ni nani atakayelipa gari, na ni nani atakayefuatana naye mpaka dawatini asubuhi. Na katibu wa mali awe na kiasi kilichotengwa, kisichongoja kikao. Mwenye nyumba hiyo ajulikane na wachache tu, wala jina lake lisitajwe katika matangazo baada ya sala ya Ijumaa.